Usiitie dawa hiyo, sahibu

Sahibu yangu Faraji,

Salamu nitazitoa huko chini. Leo naanza na jambo lenyewe: ile chupa ya dawa uliyonunua kwa ajili ya samaki, usiifungue juu ya tangi lako la maji ya chumvi lenye konokono. Kama umeshaifungua, ifunge. Idi ndiye aliyenidokeza jana, tena huku akicheka, kwamba samaki wako wameota madoa meupe kama punje za chumvi na kwamba kesho kutwa wewe "unatibu tangi zima". Nimekupigia mara nne, hupatikani. Basi naandika, na barua nampa Idi huyohuyo akuletee mbio, iwe ndiyo faini ya kicheko chake.

Haya, u hali gani? Shemeji hajambo? Watoto je? Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu ni uleule. Tumenyamaziana miezi mingapi, mitano? Tutagombana siku nyingine.

Sasa chukua chupa usome yale maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo sisi wawili hatujawahi kuyasoma maishani. Ukiona neno shaba, au salfeti ya shaba, jua umeshika kifo cha konokono wako wote. Sikatai kwamba ni dawa. Shaba ya kawaida ikiwa miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita humuua yule kimelea wa madoa meupe wakati anapoogelea kutafuta samaki wa kumganda. Ila kiasi hichohicho kinachomponya samaki ndicho kinachommaliza konokono. Wala hutaona dalili ya maana. Konokono haumwi kwa kelele. Anaachia kioo tu, anaanguka mchangani, kesho yake mwenzake naye, na wewe unasema labda wamechoka.

Na unajua kilichonishangaza? Damu yao yenyewe hubeba oksijeni kwa shaba, ndiyo maana ina rangi ya samawati. Shaba wanayo mwilini, wanaihitaji, na bado tone likizidi majini linawaua. Siku niliyolijua hilo nilikaa nikamtazama yule konokono wangu mzee wa aina ya Turbo kwa heshima mpya. Yeye hakunijali, alikuwa anakula.

Usiniambie utatia dawa kisha ubadilishe maji. Mawe na mchanga wa chokaa huinyonya shaba na kuiachia kidogo kidogo miezi na miezi. Tangi lililowahi kutiwa shaba mimi singeliwekea konokono hata kwa kuombwa.

Fanya kinyume chake: hamisha samaki, konokono wabaki. Watie samaki kwenye chombo kingine kisicho na mawe wala mchanga, weka hita na pampu ya hewa, wape dawa yao huko, na kipimo cha shaba kiwe mkononi. Kimelea yule hawezi kuishi kwa konokono. Akikosa samaki anakufa. Wafugaji wengi huliacha tangi bila samaki siku 76. Ndiyo, sabini na sita, nakusikia ukisonya hadi huku. Muda wote huo usichanganye nyavu wala ndoo za pande mbili, maana tone la maji linatosha kukurudisha mwanzo. Na kama umeshatia dawa (Mungu apishe mbali), watoe konokono leo leo uwaweke kwenye maji mapya ya chumvi yenye joto lilelile na chumvi ileile. Ileile, Faraji. Usikisie.

Hapo kwenye chumvi ndipo nataka kukuuliza kuhusu wale watatu waliokufa kabla ya habari ya dawa. Idi anasema unaamini samaki waliwaambukiza. Sidhani. Uliwaingizaje? Mfuko ukapasua, ukawamwaga? Samaki ana namna ya kuirekebisha chumvi mwilini mwake, konokono hana: maji ya nje yakiwa makali, na ndani yake huwa makali vivyo hivyo, na mabadiliko ya ghafla yanamvuruga mwili mzima. Maji ya mfukoni na ya tangini mwako hayalingani kamwe. Mweke kwenye bakuli na maji yake aliyokuja nayo, teremsha mpira mwembamba kutoka tangini, piga fundo ili maji yadondoke tone tone, na uache hivyo saa moja au mbili. Inachosha. Mimi huwa napiga pasi huku nasubiri.

Wala sikucheki, maana mimi niliua sita kwa siku mbili na sikumwambia mtu isipokuwa Salma, naye akawaambia wote. Maji ya tangi yakipungua nilikuwa naongeza maji ya chumvi. Nilijiona mwerevu: tangi la chumvi, maji ya chumvi. Kumbe maji hupaa hewani, chumvi haipai, inabaki palepale! Nilipokuja kupima nikakuta uzito wa maji, ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, ni 1.031 badala ya 1.025. Nikababaika, nikamwaga ndoo nzima ya maji baridi yasiyo na chumvi ili nirekebishe mara moja. Samaki walistahimili. Konokono walijifungia, wengine wakaanguka na mguu ukining'inia nje. Kile kilichowaua hasa sijui kama ni kosa la kwanza au la pili, lakini yote mawili ni yangu. Siku hizi naongeza maji yasiyo na chumvi, kidogo kila siku, na yawe yamechujwa vizuri. Ya bomba siyaamini, kwa kuwa mabomba mengine ni ya shaba. Unaona, tumerudi palepale.

Jambo la pili ni njaa, na hili litakuuma kwa sababu unapenda kujisifia kioo chako. Kioo kinachong'aa, kwa konokono, ni sahani iliyolambwa. Konokono wa aina ya Turbo na Trochus hula mwani unaoota kwenye kioo na mawe, na tangi lako ni jipya, halina mwani wa kulisha kundi zima. Hafi wiki ile, anakufa baada ya majuma kadhaa, na wewe unaanza kuilaumu hita. Funga kipande cha mwani mkavu kwenye jiwe jioni, kilichobaki ukitoe asubuhi. Konokono wa aina ya Nassarius ni habari nyingine, wale hawagusi mwani; wanajizika mchangani na kutoa kamrija kao nje, wakinusa nyama ya chakula cha samaki wanafumuka kama wafu siku ya kiama. Mara ya kwanza nilipiga yowe.

Na ukimkuta mmoja chali, mgeuze. Trochus hujigeuza mwenyewe. Yule wa aina ya Astraea mara nyingi hawezi, na hao kaa wako wanaoishi ndani ya makombe ya wenzao hawasubiri ajigeuze. Wanamla, kisha wanahamia nyumbani kwake. Watupie makombe matupu ya ukubwa mbalimbali angalau wawe na pa kuhamia bila kuua mtu. Kama hujui amekufa au amelala, mnuse. Mfu hata hubishani naye, na mtoe upesi kabla hajajaza amonia tangini.

Madini siyaelezi kwa urefu: kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, makombe yao yanatokana nayo, na ukiona kombe linaliwaliwa kama chokaa jua maji yamepungukiwa. Joto nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Basi.

Ila dawa, Faraji. Nakujua wewe. Utasoma yote haya, utasema "nitatia nusu tu". Nusu ya shaba bado ni shaba, halafu itakuwa haijamponya samaki na konokono imewaua. Hata zile zilizoandikwa kwamba ni salama kwa viumbe wa tangini, soma kwanza zimetengenezwa na nini.

Sasa nijibu. Umeshaitia au bado? Hao samaki ni wangapi, na unacho chombo cha kuwahamishia? Wale watatu walikaa siku ngapi kabla ya kufa, walikuwa kwenye kioo au mchangani? Maji ya kuongezea unayatoa wapi? Yule mkubwa mwenye mistari bado yuko hai? Na rifraktomita yangu, kile kipimo cha chumvi, uliyoiazima kwa wiki moja, hii ni wiki ya ngapi? Usiirudishe leo, pima chumvi kwanza, uniandikie namba yenyewe, siyo "iko sawa tu".

Andika hata mstari mmoja. Nimemwambia Idi asiondoke hapo mlangoni mpaka umemkabidhi ile chupa.

Wako,
Juma