Mnafunga kitabu siku ya 102: barua kwa vijana wa karakana

Wanangu,

Salamu zenu nimezipata, marahaba. Picha nayo nimeiona: kile kindege chenu kisicho na rubani kiko mezani, mabawa yamekaa vizuri, na nyuma yake ukutani mmebandika karatasi yenye namba moja kubwa, 102. Chini ya picha mmoja wenu ameandika, "Babu, sisi tumetumia siku 61 tu!" Nilicheka. Halafu usingizi ukaniruka, ndiyo maana naandika, na naandika wazi ili na wale wa karakana nyingine wasome.

Namba hiyo naijua ilikotoka: ni siku za kuundwa kwa Mustang, ndege ya kivita ya Marekani. Mwanzoni mwa 1940 Waingereza, vita vimewabana, walikwenda Marekani kutafuta ndege. Waliitaka kampuni ya North American Aviation iwaundie P-40, ndege ya kivita ya kampuni nyingine. Mkuu wake, James Kindelberger, akawajibu kwamba watu wake wanaweza kubuni iliyo bora kuliko hiyo. Edgar Schmued, mbunifu mzaliwa wa Ujerumani, akainama na wenzake kwenye meza za kuchorea, na Septemba mwaka huohuo ndege ikasukumwa nje. Siku 102 tangu agizo. Hapo ndipo mnapofunga kitabu.

Basi jueni kwamba ndege iliyosukumwa nje siku ile haikuwa na injini. Ile iliyoagizwa kwa kampuni ya Allison ilikuwa haijafika. Hata magurudumu yalikuwa ya kuazima, ya ndege ya mafunzo. Iliruka mara ya kwanza Oktoba 26. Novemba 20 akapaa nayo rubani wa majaribio Paul Balfour, injini ikazimika hewani kwa kukosa mafuta, akaishusha shambani, udongo ukayameza magurudumu na ndege ikalala mgongo chini. Yeye alitoka mzima. Husimuliwa kwamba hakugeuza koki kwenda tangi jingine. Koki tu! Msimcheke. Mimi niliwahi kusaini kwamba ndege iko tayari, kumbe kifuniko cha tangi la bawa la kushoto nimekiacha wazi. Rubani akakiona, akanionyesha kwa kidole bila kutamka neno. Kidole kile nakiona hadi leo.

Sisemi kazi ya Schmued ilikuwa mbovu. Umbo lilikuwa zuri ajabu. Bawa lilichongwa ili hewa iteleze juu yake bila kuvurugika mapema. Rejeta, kipoza injini, waliificha chini ya tumbo, nyuma ya kiti cha rubani, ndani ya njia ambayo hewa inaingia baridi, inapata moto, inatanuka na kuchomoka nyuma kwa kasi, ikirudisha sehemu ya nguvu ambazo rejeta huinyang'anya ndege. Karibu na ardhi Mustang hiyo iliiacha nyuma Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ya wakati wake.

Ugonjwa ulikuwa kifuani. Huko juu hewa ni nyembamba, na injini hukosa pumzi kama mtu wa pwani aliyepandishwa Kilimanjaro kwa siku moja. Supachaja ya Allison, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, iliyokandamiza hewa hatua moja tu, ilianza kuishiwa nguvu kwenye futi 15,000 hivi. Waingereza wakaipa kazi za chini: kupiga picha, kushambulia treni.

Aprili 30, 1942, Ronald Harker, rubani wa Rolls-Royce, kampuni ya injini ya Uingereza, aliirusha pale uwanja wa Duxford. Angeweza kuandika kwamba haifai kwa mapigano ya juu, akaenda zake kunywa chai. Badala yake alipendekeza umbo lilelile lipewe Merlin 61, injini ya Rolls-Royce inayokandamiza hewa hatua mbili na kuipoza kabla ya kuimeza. Oktoba 13 mwaka huo Mustang yenye Merlin ikaruka Uingereza. Novemba 30 ikaruka ya Wamarekani, kwa Merlin iliyoundwa na Packard wa Detroit. Kasi huko juu ikafika kama kilomita 700 kwa saa. Tafakarini: fundi wa Allison ambaye angeona haya kung'olewa injini yake angeweza kuiua ndege nzima kwa ajili ya heshima yake.

Bado haikuwa rahisi. Afisa mmoja wa Marekani aliyekuwa ubalozini London, Thomas Hitchcock, aliandika kwamba ndege hii baba yake Mwingereza, mama yake Mmarekani, na jeshini haina mzazi wa kuisemea. Akawa yeye ndiye mzazi. Alifariki Aprili 1944, akiwa anaijaribu ndege hiyohiyo.

Na haja ilikuwa kubwa. Oktoba 14, 1943, Wamarekani walituma ndege za mabomu Schweinfurt, Ujerumani, na B-17 zipatazo 60 hazikurudi, kwa kuwa ndege za kuzisindikiza hazikuwa na mafuta ya kufika huko. Hapa ndipo napenda kukaa. Waliongeza tangi la galoni 85 nyuma ya kiti cha rubani. Safari ikarefuka, lakini uzito ukahamia nyuma, na tangi likiwa limejaa ndege ikawa punda mkaidi kwenye kona kali, hivyo rubani alilazimika kupunguza mafuta hayo kwanza kabla ya kupigana. Chini ya mabawa wakaning'iniza matangi ya kudondoshwa, na mengine yaliundwa Uingereza kwa karatasi na gundi. Hayakuweza kukaa na mafuta siku nyingi. Hayakuhitaji, kwani yalijazwa asubuhi na kutupwa kabla ya jioni. Mtu aliyewaza hivyo ningempa kazi bila kuuliza cheti.

Bunduki za modeli ya B, ile Mustang ya Merlin, zilifungwa zimelala upande, zikawa zinakwama rubani akikata kona kwa nguvu. Modeli ya D iliyofuata ikazisimamisha wima na kuziongeza kutoka nne hadi sita. Modeli hiyohiyo ikakata mgongo ili rubani aone nyuma kupitia kioo cha duara. Kioo kikapendwa, ila mkia ukaanza kuyumba, wakaongeza kipande cha bati mbele ya mkia. Huo tayari ni 1944. Ilikuwa chombo cha kuua, na kwa hilo siisifu. Nasifu daftari la mafundi wake.

Lenu liko wapi? Katika picha nimeona spana, kikombe cha chai, na ile 102. Anayekirusha kindege chenu anasema nini kikipata upepo wa ubavuni? Betri mliyoisogeza nyuma ili kamera iingie mbele, mmepima uzito upya? Sitawaambia haraka haraka haina baraka, mmeshaichoka tangu darasa la pili.

Nakuja Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nikute kifuniko kimefunguliwa, mizani iko mezani, na rubani wenu ndiye wa kwanza kuzungumza.

Babu yenu, fundi mstaafu