Barua kwa mwanangu: mshono uliochelewesha mapafu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Swali lako la juzi kwenye simu lilistahili jibu refu kuliko nililokupa, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Uliniuliza hivi: figo ilipandikizwa Boston mwaka 1954 ikafanya kazi, moyo ukapandikizwa Cape Town mwaka 1967, mbona pafu lilisubiri hadi 1983? Wengi watakujibu kwamba mwili ulikuwa unalikataa. Hilo ni kweli nusu. Kinga ya mwili ilivipiga vita viungo vyote, haikulichagua pafu peke yake. Kilicholiangusha pafu kwa miaka 20 ni mshono mmoja unaozunguka bomba la hewa lenye upana wa kidole.

Ushonaji wa mishipa ya damu ulikwisha kujulikana zamani. Mpasuaji Alexis Carrel alitoa njia yake Lyon, Ufaransa, mwaka 1902: unaweka nyuzi tatu za kushikilia kwenye ukingo wa mshipa, unazivuta, duara linageuka pembetatu, kisha unashona upande mmoja mmoja bila sindano kunasa ukuta wa nyuma. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1912, na mishipa inashonwa kwa fikra hiyohiyo mpaka leo.

Kilichofuata ni kujua nani ampe nani. Mwaka 1933 Yurii Voronoy, huko Kherson nchini Ukraini, alimpandikizia mgonjwa figo ya mtu aliyekwisha kufariki. Mtoaji alikuwa wa kundi la damu B, mpokeaji kundi O, damu zisizopatana. Mgonjwa hakumaliza hata siku tatu. Joseph Murray alipofanikiwa Boston tarehe 23 Desemba 1954, alichukua figo kwa pacha wa kufanana akampa pacha mwenzake, kwa hiyo mwili haukuona kitu kigeni cha kukikataa. Miaka ya mwanzo ya 1960 ikaja azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ikaunganishwa na prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, na figo ya mtu asiye pacha ikaanza kudumu.

Kwa hiyo mpasuaji James Hardy alipopandikiza pafu la kushoto Jackson, Mississippi, tarehe 11 Juni 1963, alikuwa na mshono wa Carrel na alikuwa na dawa. Mgonjwa wake alikuwa mfungwa mwenye saratani ya pafu, na figo zake zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Aliishi siku 18, akafa kwa figo. Pafu lenyewe lilikuwa likivuta hewa vizuri, na hilo liliwapa watu moyo kupita kiasi. Katika miaka iliyofuata walipandikizwa watu kama 40 duniani. Aliyeishi muda mrefu kuliko wote ni mgonjwa wa Fritz Derom, Ghent, Ubelgiji, mwaka 1968: miezi 10 tu. Wengi waliovuka wiki ya kwanza walikufa kwa namna moja. Mshono wa bomba la hewa uliachana.

Hapa soma polepole. Pafu lina damu za aina mbili. Ya kwanza, iliyo nyingi mno, inaletwa na ateri kubwa kutoka upande wa kulia wa moyo. Inakuja kuchukua oksijeni. Ya pili ni kidogo sana, inatoka kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa vijiateri vyembamba kama uzi, na kazi yake ni kuzilisha kuta za mabomba ya hewa zenyewe. Ukilitoa pafu, unakata zote mbili. Ukilipandikiza, unaunga ile ya kwanza. Vijiateri vya pili kwa kawaida haviungwi. Basi ncha ya bomba unayoishona inabaki na njaa. Damu pekee inayoifikia inapenya kinyumenyume kutoka ndani ya pafu, na huchukua wiki mbili hadi nne kabla vijishipa vipya havijavuka mshono.

Figo na moyo havina shida hiyo kwa kiasi hicho. Humo hasa unaunga mishipa, na mshipa uliounganishwa unajilisha kwa damu inayopita ndani yake. Ini ndilo lenye msiba unaofanana kidogo: mrija wa nyongo nao unategemea ateri moja, na kwa miaka mingi ndio uliowasumbua wapasuaji wa ini. Lakini bomba la hewa ni baya zaidi, kwa sababu liko wazi kwa dunia nzima. Kila pumzi inaleta vumbi, bakteria na fangasi juu ya kidonda kisicho na damu. Mshono ukifumuka, hewa inavujia kifuani na usaha unafuata. Pengine uozo unaitoboa ateri ya pafu iliyolala kando yake, na mgonjwa anatoka damu nyingi kinywani akafa kwa dakika chache.

Kikundi cha mpasuaji Joel Cooper, Toronto, kiliipata adha hiyo mwaka 1978: mgonjwa wao alifariki wiki ya tatu, mshono umeachana. Ninachowaheshimu zaidi ni walichofanya baadaye. Hawakukimbilia kujaribu tena, walirudi maabara na swali dogo: mshono unaachana kwa sababu gani hasa? Walimkata mbwa pafu lake mwenyewe na kumrudishia lilelile. Hapo suala la kukataliwa limeondolewa, maana pafu ni lake. Mbwa wasiopewa dawa walipona. Waliopewa steroidi na azathioprini, mshono ulikuwa dhaifu. Maana yake, dawa ileile iliyowekwa ilinde pafu ndiyo iliyokuwa ikizuia kidonda kufunga.

Walipata tiba mbili. Ya kwanza iko tumboni. Umewahi kuona mbuzi akipasuliwa: ule utando wa mafuta wenye mishipa kama wavu, uliotandazwa juu ya utumbo. Waliuvuta ukiwa bado umeshikana na mishipa yake, wakaupitisha hadi kifuani, wakauzungusha kwenye mshono kama bendeji. Ndani ya siku chache vijishipa vyake vilikuwa vinalilisha bomba. Ya pili ni saiklosporini, dawa iliyotoka kwa fangasi wa udongo wa nyanda za Hardangervidda, Norwei. Jean-François Borel na wenzake wa kampuni ya Sandoz waligundua miaka ya 1970 kwamba inatuliza kinga ya mwili, na Roy Calne akaipeleka kwa wagonjwa wa Cambridge mwaka 1978. Hiyo haikudhuru mshono, kwa hiyo steroidi ziliweza kuwekwa kando katika wiki za hatari.

Tarehe 7 Novemba 1983 walipandikiza pafu moja la kulia kwa mwanamume wa miaka 58. Hata ugonjwa waliuchagua kwa akili: mapafu yake yalikuwa yamekakamaa kwa makovu. Pafu la zamani lililobaki likiwa gumu, hewa na damu vyote vinaelekea kwenye jipya lililo laini. Angekuwa na mapafu yaliyolegea na kuvimba kwa hewa, lile la zamani lingeweza kutanuka na kulibana jipya. Angekuwa na usaha kwenye mapafu yote mawili, lililobaki lingeliambukiza jipya. Aliishi zaidi ya miaka sita.

Mwaka 1986 wakapandikiza mapafu mawili kwa pamoja, na mshono ukawekwa juu, kwenye bomba kuu. Mgonjwa wa kwanza aliishi hadi 2001. Lakini kwa wengine tatizo la zamani lilirudi, kwa kuwa bomba kuu liko mbali mno na damu ya ndani ya pafu. Kufikia 1990 waliacha, wakaanza kuyashona moja moja, la kulia na la kushoto, kila moja chini. Siku hizi ule utando wa tumbo hauhitajiki. Ilitosha kujifunza kulikata bomba la mtoaji liwe fupi, pete moja au mbili tu za gegedu juu ya tawi la kwanza. Kila pete unayoiacha zaidi ni pete ya njaa. Wengine walijaribu kuingiza ncha moja ndani ya nyingine kama mabomba ya maji. Ikashika, lakini wengi wakaishia na bomba jembamba linalohitaji kutanuliwa. Ncha kwa ncha ni bora.

Ukiingia chumba cha upasuaji siku moja, utaona hivi. Kwa mtoaji, mapafu yanaoshwa kwa maji maalumu ya nyuzi 4 za Selsiasi, mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito, mfuko ukiwa umeinuliwa kidogo tu ili yaingie kwa uzito wake, bila kusukumwa. Kisha yanaoshwa kinyumenyume kupitia vena, na hapo ndipo mabonge ya damu yaliyojificha hutoka. Yanafungwa yakiwa na hewa yenye oksijeni kiasi, yasijazwe yakakaza, maana ndani ya ndege hewa hutanuka. Kawaida hulengwa yasikae bila damu zaidi ya saa 6 hadi 8, wakati moyo huvumilia kama 4 na figo husubiri hata siku nzima. Kwa mpokeaji, mshono wa kwanza ni bomba la hewa, wa pili ateri, wa tatu kipande cha chumba cha juu cha kushoto cha moyo chenye vena zote. Bomba linatangulia kwa sababu ndilo liko nyuma zaidi. Ukichelewa, mishipa inakuzibia njia. Kabla ya kufunga mshono wa mwisho, hewa lazima itolewe kwenye mishipa, la sivyo povu linakwenda kwenye ubongo. Halafu kibano cha ateri kinaachiwa taratibu, kama dakika 10. Damu ikirudi kwa kishindo, pafu linajaa maji, na saa 72 za kwanza zinakuwa ngumu.

Baadaye adui anabadilika. Pafu jipya limekatwa neva, hivyo mwenyewe hasikii makohozi yaliyo chini ya mshono wala hapati hamu ya kukohoa. Lazima afundishwe kukohoa kwa ratiba. Kwa miaka, vijibomba vidogo kabisa vinaweza kujaa makovu, huku ndiko kukataliwa kwa polepole, na ndiko kunakofupisha maisha ya pafu kuliko figo. Ndiyo maana mgonjwa hupuliza kipimo nyumbani, na nguvu ya pumzi ikishuka kwa asilimia 10 anapiga simu siku hiyohiyo, asisubiri kliniki.

Na hili lishike, kwa kuwa utafanya kazi kwetu, mahali penye kifua kikuu. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na wapo waliopandikizwa nje wakarudi. Mtu wa namna hiyo akipata kifua kikuu na akaanzishiwa rifampisini kama mgonjwa mwingine yeyote, ini lake litaanza kuivunja kwa kasi takrolimasi, dawa yake ya kutuliza kinga ya mwili, na ndani ya siku chache kiwango kitaanguka mpaka kiungo kibaki bila ulinzi. Uliza dawa zote anazotumia kabla hujaandika cheti. Rifabutini, ndugu ya rifampisini, ni nafuu, lakini nayo inataka kiwango kipimwe mara kwa mara, damu ichukuliwe asubuhi kabla hajameza dozi.

Ukipata nafasi ya kusimama nyuma ya daktari anayetazama mshono kwa kamera, usiikose. Ukingo wa waridi unaotoa damu kidogo ukiguswa, hiyo ni habari njema. Ukingo wa kijivu, au mweusi wenye utando unaobanduka, ndio uliowaua wale wa miaka ya 1960.

Niandikie utakachokiona.

Mama yako