Mtupime na lipoprotini(a), sio kolesteroli tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Baba yetu mdogo alifariki ghafla kwa mshtuko wa moyo na kolesteroli yake ilikuwa sawa kabisa, ndo nikaanza kufuatilia haya mambo ya protini za damu. Kuna hii lipoprotini(a), chembe ya mafuta na protini kwenye damu ambayo ikizidi inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo, aliigundua Kåre Berg wa Norway 1963, unairithi kwa wazazi, mazoezi na mboga haviishushi sana, na sisi wenye asili ya Afrika wengi tunakuwa nayo juu kuliko Wazungu. Madaktari wa moyo Ulaya tangu 2019 wanashauri kila mtu mzima apimwe walau mara moja maishani, mara moja tu jamani! Mi juzi nimepima damu, hawakuitaja hata jina. Wizara iingize hiki kipimo.

Msomaji, Tanga