Barabara kuu na wanyama, tatizo sio spidi tu

Mhariri, kila mnyama akigongwa watu wanaongelea spidi tu, sawa, spidi inaua, lakini mzoga ndo hasara unayoiona. Nyingine haionekani, maana kuna wanyama hawathubutu kabisa kuvuka lami yenye malori usiku kucha, kwa hiyo kundi moja linabaki huku lingine kule, wanaishia kuzaliana ndugu kwa ndugu na kizazi kinadhoofika. Kelele nazo, kuna ndege wanabadilisha hadi sauti wanavyoimba ili wasikike (hiyo wanasayansi wamepima). Na ndege anayekuja kula mzoga barabarani anagongwa na yeye.

Dawa ipo lakini. Kule hifadhi ya taifa ya Banff, Kanada, waliweka uzio pamoja na madaraja ya juu na njia za chini za wanyama kuvukia barabara, ajali za wanyama wakubwa zikapungua zaidi ya asilimia 80, dubu wanapita zao. Vibao vya kuonya kuna wanyama peke yake havitoshi, dereva anavizoea haraka sana. Na uzio bila kivuko, mi naona ni kumfungia mnyama maji na malisho yake. Wanaochora barabara waweke vivuko kwenye bajeti tangu mwanzo, sio kuja kubomoa lami baadaye.

Msomaji wenu