Barua ya malalamiko: koili ya stata ya Vespa PX iliyosukwa bila ya kupimwa

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa Meneja wa Karakana,
Dar es Salaam.

YAH: STATA YA VESPA PX 150 E ILIYORUDISHWA NA KOILI MBOVU

Assalaam alaykum, Ndugu Meneja.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu hatukufika popote. Kila nikipiga napokewa na mtu mwengine, na kila mmoja ana lake: huyu anasema tatizo ni CDI (kile kisanduku cha umeme kinachoipa plagi cheche), yule anasema vyombo vya zamani havina dhamana, na wa mwisho ameniambia niipakie Vespa kwenye boti niilete Dar es Salaam muione. Basi naweka yote hapa, pamoja na vipimo, ili fundi wako mkuu ayasome akiwa na mita mkononi.

Nilichowakabidhi, kupitia duka lenu la kupokelea kazi hapa Mjini, ni bamba la stata, lile linalobeba koili za kuzalisha umeme, la Vespa PX 150 E ya miaka ya 1980. Ugonjwa wake niliuandika kwenye fomu yenu: asubuhi inawaka bila ya taabu, ikishika moto inazima ghafla, ikipoa inawaka tena. Fundi yeyote wa Vespa hapa Unguja akielezwa hivyo anajua pa kuanzia, nako ni koili ya kuchaji, ile inayoilisha CDI. Niliomba koili hiyo isukwe upya na waya zote zinazotoka kwenye stata zibadilishwe, maana mpira wake ulikwisha kukauka na kupasuka, maradhi ya PX nyingi za umri ule. Koili za taa na ile ya pikapu, inayoiashiria CDI wakati wa kupiga cheche, zilikuwa nzima, nikaandika zisiguswe.

Risiti yenu inasema: "Imesukwa, imepimwa, iko sawa." Namba haimo hata moja.

Kwenye PX ya aina hii, ukiweka mita kati ya waya wa kijani na mweupe, koili ya kuchaji ikiwa baridi inatakiwa isome omu 500, zaidi au pungufu kwa 20. Kati ya mwekundu na mweupe, yaani pikapu, ni omu 110, zaidi au pungufu kwa 5. Nilipoupokea mzigo nilipima kabla ya kufunga chochote. Pikapu ilisoma 109, haina neno. Koili mliyoisuka nyinyi ilisoma 310.

Mmoja wa mafundi wenu aliniambia kwamba omu zikipungua ni heri, umeme unapita kwa wepesi. Kwa koili hii si kweli, na mtu anayesuka koili kwa kulipwa anapaswa kujua kwa nini. Kazi yake ni kutoa mamia ya volti za kuijaza kapasita iliyo ndani ya CDI. Pikapu ikitoa ishara, kapasita inajimwaga kwa mpigo mmoja na plagi inapiga cheche. Volti hizo zinatokana na wingi wa mizunguko ya waya inayopitiwa na sumaku za flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Ndiyo sababu kiwandani walitumia waya mwembamba kama unywele, ili mizunguko mingi ienee kwenye chuma kidogo. Waya mnene ni rahisi kuusuka, haukatiki ovyo mkononi, lakini unajaza nafasi upesi: mizunguko inakuwa michache, omu zinashuka, na volti zinashuka nazo. Matokeo yake ni kwamba Vespa yangu haiwaki tena kwa kiki. Mguu hauizungushi flaiwili kwa kasi ya kutosha kuijaza kapasita kwa koili dhaifu namna hiyo. Inawaka kwa kusukumwa tu, na anayevijua vichochoro vya Mkunazini anajua kwamba pa kusukumia hapana.

La moto ni zito zaidi. Stata imejificha nyuma ya flaiwili, imeshikana na injini, na joto la injini linaifikia lote. Shaba ikipata joto omu zake hupanda, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Koili ya omu 500 kwenye nyuzi 20, ikifika nyuzi 80 itasoma kiasi cha 620, na hapo ni nzima kabisa. Yenu inakwenda kinyume. Nilikuwa njia ya Makunduchi, nimekwisha kuipita Tunguu, ikazima. Nikafungua ubavu, nikachomoa waya kwenye CDI, nikapima pale pale injini ikiwa moto: 240, namba inacheza, mara mita haisomi kitu kabisa. Omu kushuka kwa joto maana yake ni mizunguko kugusana kwa ndani, kinga ya waya imekwanguliwa wakati wa kusuka. Mita kutosoma kitu maana yake ni kwamba pana mahali waya umekatika na joto linaziachanisha ncha zake. Kasoro zote mbili zingeonekana mezani kwenu kama koili ingepashwa moto na kupimwa kabla ya kufungwa kwenye boksi. Koili iliyoletwa kwa ugonjwa wa moto mkaipima ikiwa baridi, hamkuipima.

Nilipolivua bamba nikaona sababu. Koili haikuchovywa vanishi. Imezungushiwa utepe mweusi, ule wa kufungia waya za nyumba, na gundi yake imelainika mpaka utepe umeteleza. Bila ya vanishi iliyookwa ikakauka, mizunguko haina kitu cha kuishikilia. Injini ikitikisika nayo inasuguana mpaka kinga inatoka. Waya za kutokea mmeweka ngumu za uzi mmoja, ambazo hazivumilii mtikiso wa injini, tena zote nyeusi. Ilinibidi niufuatilie kila mmoja kwa mita nijue upi ni wa kijani na upi mweupe kabla ya kuthubutu kuunganisha kwenye CDI.

Na alama za A na IT zilizokuwa pembezoni mwa bamba zimesagwa. Alama hizo ndizo zinazolinganishwa na ya kwenye injini ili cheche ije kwa wakati wake. Jambo hili limeniuma kuliko yote. Koili unaweza kuisuka tena kesho, lakini alama ya kiwandani hairudi. Kuanzia sasa kila nikilifungua bamba itabidi nitafute taa ya taimingi, ya kupimia wakati wa cheche. Sijui zilikuwa zinazuia nini.

Kuhusu CDI, nimejiridhisha. Rafiki yangu wa Kikwajuni ana PX kama yangu, akaniazima stata yake. CDI ni ile ile yangu, plagi ile ile, kabureta haikuguswa. Nimefika Makunduchi na kurudi Mjini, haikuzima. Nikarudisha stata mliyoitengeneza nyinyi, na ugonjwa ukarudi nayo.

Kuhusu uzamani wa chombo: PX ilianza kutoka kwenye kiwanda cha Piaggio, Italia, mwaka 1977 na ikaendelea kuundwa kwa miongo kadhaa. Si chombo kilichopotea vipimo. Kama kwenu ni cha zamani mno kupewa dhamana, hilo lilipaswa kusemwa dukani, kabla fedha yangu haijapokewa. Najua pia kwamba stata mpya za kuiga zinauzwa. Yangu ni ya Ducati, chuma chake bado kizima, na nililipa ili kiendelee kutumika. Hapa Mji Mkongwe zipo Vespa nyingi za umri huo, na wenyewe wanaulizana stata zao wazipeleke wapi.

Na kuipakia Vespa kwenye boti sitakubali. Kosa limo kwenye bamba linaloingia mfukoni.

Stata nitairudisha kwenye duka lenu la Mjini, na gharama ya kuisafirisha ni juu yenu. Nataka koili isukwe kwa waya wa unene ule wa kiwandani, mizunguko ihesabiwe kwa mashine, ichovywe vanishi na kuokwa. Waya za kutokea ziwe za nyuzi nyingi, zenye mpira wa silikoni unaostahimili joto na mafuta, kwa rangi zake. Kwenye risiti ziandikwe omu ikiwa baridi na omu ikiwa moto, na fundi aliyepima atie saini.

Ikiwa waya huo hamnao, au mashine ya kuhesabu hamna, niambieni wazi na mnirudishie fedha yote ya kazi. Pamoja nayo nirudishieni waya wa zamani mlioufumua, ambao ni mali yangu na sikuuona ndani ya boksi. Hata kipande kifupi kinatosha. Fundi mwengine ataupima unene kwa maikromita ajue pa kuanzia.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya wiki mbili. Likikosekana, barua hii na viambatanisho vyake nitavipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, kwa kuwa kazi na fedha vyote vilipokelewa hapa Unguja.

Wassalaam,

Mteja wenu, Mkunazini.

Viambatanisho: nakala ya fomu ya kupokelea kazi, nakala ya risiti, picha za koili na utepe wake, picha ya alama zilizosagwa, na picha za mita ikisoma baridi na moto.