Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka: Nyama Baada ya Muhuri

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nazungumzia nyama.

Manung'uniko mengi ya mwaka huu yalihusu maini yanayotupwa machinjioni. Ini lenye minyoo halijifichi: mirija ya nyongo huvimba na kukakamaa, na kisu kikipita unakisikia kikikwaruza. Hasara inauma, ila mkaguzi yuko sahihi. Hatari kubwa zaidi kwa mlaji ni vifuko vya tegu, vinavyojibanza kwenye misuli ya taya, ulimi, moyo na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Ndiyo maana mkaguzi huchana mashavu. Asizuiwe eti anaharibu nyama ya kichwa. Vikiwa vichache, nyama hugandishwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua 10. Friza ya bucha inayofunguliwa kila dakika haifiki huko, kwa hiyo asijitokeze mtu kusema atagandisha mwenyewe.

Muhuri unasema nyama ilikuwa salama saa ile ilipokaguliwa, basi. Kati ya machinjio ya Vingunguti na bucha ndipo tunapoiharibu: turubai lina damu ya jana, utumbo umerundikwa juu ya mapaja. Utumbo hubeba vijidudu vya kinyesi, uwe na chombo chake chenye mfuniko. Nyama itundikwe.

Bucha, friji isizidi nyuzi 4. Umeme ukikatika msichungulie ndani: friza iliyojaa hushika ubaridi kama saa 48, iliyo nusu saa 24, friji saa 4 tu.

Walioacha gogo la kukatia nyama na kununua msumeno wa umeme wamefanya vizuri, lakini msumeno nao huficha mabaki kwenye magurudumu yanayozungusha ubapa. Zima, chomoa waya, fungua, kwangua. Suuza kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu. Kisha sugua kwa maji ya moto na sabuni, ndipo utie klorini. Dawa ya asilimia 3.5 inatosha vijiko vinne vya chakula kwa ndoo ya lita 10. Ukiimwaga juu ya mafuta, nguvu yake yote huishia kwenye uchafu, na hapo ndipo wengi hukosea.

Pendekezo la kununua gari la ubaridi la pamoja litapigiwa kura leo baada ya hesabu. Kamati inaliunga mkono, kwa sharti kwamba utumbo usipande humo.