Waustralia na Wakorea wajuane kwanza

Ndugu Mhariri,

Habari za biashara kati ya Australia na Korea Kusini haziishi kutaja meli. Sawa, madini ya chuma ya Pilbara, huko Australia Magharibi, ndiyo yanayolisha matanuri ya chuma ya Pohang, Korea Kusini, na mkataba wa biashara huria ulioanza Desemba 2014 unapunguza ushuru wa Korea kwa nyama ya ng'ombe ya Australia, uliokuwa asilimia 40, hadi uishe mwaka 2028. Lakini mkataba haumfundishi mtu kukaa na mwenzake.

Nafanya kazi Strathfield, Sydney, mtaa wenye Wakorea wengi, kwenye duka la jumla la vyakula. Juzi alikuja Mwaustralia kutuuzia asali. Mzee wetu, Mkorea, akamkabidhi kadi yake ya biashara kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Mgeni akaipokea kwa mkono mmoja, akaichomeka mfuko wa nyuma wa suruali, akaikalia! Kisha akaanza kumwita mzee kwa jina lake la kwanza. Mimi niliyekuzwa kwa shikamoo nilitamani ardhi inimeze.

Asali ilikuwa nzuri mno. Haikununuliwa.

Hata mzee simtetei. Alisema tu "tutaangalia", na yule muuza asali akaondoka akichekelea, akasubiri simu wiki nzima. Hakujua kwamba hiyo ndiyo hapana yenyewe.

Vyama vya wafanyabiashara wa nchi hizi mbili vipo, ila mikutano yao ni ya wakubwa wa migodi na mabenki. Wangekuja huku jioni moja wakawakalisha wenye maduka na wenye mizinga ya nyuki meza moja, nyama ikiwa jikoni.

Msomaji wako,
Strathfield, Sydney